Mjumbe Hauawi

Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Leo nataka tuutazame msemo huo kwa njia ya historia ya tiba, kwa maana wapo wajumbe ndani ya miili yetu ambao wataalamu wamehangaika nao kwa miaka mingi, wasijue kama wawaue, wawaache, au wawanyamazishe kidogo tu. Lakini kabla ya kufika kwa wataalamu, niruhusuni nianzie nyumbani kwetu.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, shangazi yangu alianza kuumwa vidole. Hakuwa mzee, alikuwa bado ananyonyesha. Asubuhi hakuweza kushika mwiko wala kufunga kanga, na kikombe cha chai alikiinua kwa viganja viwili. Jua likipanda vidole vililegea kidogo akafanya kazi zake, lakini kesho yake ikawa yale yale. Vifundo vya vidole vilivimba, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa. Watu wakasema ni baridi yabisi, imempata kwa sababu ya kufua nguo kisimani alfajiri. Akakandwa kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, akachanjwa chale, akakatazwa maji ya baridi.

Yote hayo yaliposhindwa, akatokea mtu wa kusema kwamba haya si maradhi ya Mungu, kuna mkono wa mtu. Na mkono wenyewe ukatajwa kuwa ni wa jirani, mwanamke aliyekuwa akishirikiana na shangazi kwa kila kitu, tangu kuombana chumvi hadi kuleana watoto. Aliyetumwa kwake nilikuwa mimi. Niliambiwa, "Nenda kamwambie asikanyage tena hapa kwetu." Nikaenda mbio, nikayafikisha maneno kama nilivyopewa. Yule mama akanitazama kitambo, kisha akasema, "Haya mwanangu, nimesikia." Hakukanyaga tena, hata siku tulipomzika shangazi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni nani hasa aliyevipinda vile vidole? Siku hizi jibu lipo, au tuseme sehemu kubwa ya jibu ipo, na historia ya kupatikana kwake ndiyo mazungumzo yetu ya juma hili.

Tuanze na jina. Yabisi maana yake ni kavu. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na matabibu wa Kiarabu walirithi elimu ya Wayunani wa kale, waliofundisha kuwa mwili una majimaji ya namna nne, na kwamba kila maradhi yana tabia yake: ya moto au ya baridi, ya majimaji au yabisi. Ugonjwa wa viungo kukakamaa ukapata jina linalonukia elimu hiyo, na dawa yake ikawa ni kupasha moto. Lakini mwandishi mmoja wa Kirumi aliyeitwa Celsus, katika karne ya kwanza, aliandika kuwa mahali palipochochewa na ugonjwa pana dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Nakumbuka vidole vya shangazi. Vilikuwa vya moto. Jina lilisema baridi, kidole kikasema moto. Basi ni nani aliyeuwasha moto huo?

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Paul Ehrlich, mmoja wa vinara wa elimu ya kinga ya mwili, aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Akaona kuwa mbuzi wale walitengeneza silaha za kuziangamiza chembechembe za damu ile ngeni, lakini hawakutengeneza silaha za kuiangamiza damu yao wenyewe. Akahitimisha kuwa mwili unaogopa kujitia sumu. Ehrlich alikuwa mtu mkubwa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na neno la mtu mkubwa huchukua muda kupingwa. Mwaka 1904 huko Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walionyesha kuwa wapo wagonjwa ambao kinga yao wenyewe huziharibu chembechembe nyekundu za damu yao. Habari hiyo ilikuwa mbele ya macho ya watu wote, lakini wengi hawakutaka kuifuata inakoelekea.

Ikapita nusu karne. Mwaka 1956 Noel Rose na Ernest Witebsky, katika mji wa Buffalo huko Marekani, walithibitisha kuwa sungura anaweza kufanywa aishambulie tezi yake mwenyewe ya shingoni. Mwaka huo huo, London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao wakakuta silaha za namna hiyo katika damu ya wagonjwa wa tezi. Ikabidi ikubalike: askari wa nyumba anaweza kuwageukia wenye nyumba. Leo tunajua kuwa hivyo ndivyo ilivyo katika maradhi mengi, yakiwamo kisukari cha aina ya kwanza, lupasi, na ugonjwa wa viungo uliompata shangazi yangu.

Lakini kujua kwamba askari wameasi si kujua nani aliyewapa amri. Chembechembe nyeupe za damu hazina macho wala masikio. Husemezanaje? Mwaka 1957, Alick Isaacs, Mwingereza, na Jean Lindenmann, Mswisi, walikuwa London wakichunguza virusi vya mafua. Waligundua kuwa seli zilizoguswa na virusi hutoa kitu fulani, na kwamba kitu hicho kikipelekwa kwa seli nyingine, seli hizo hujifungia milango kabla virusi havijafika. Wakakiita intaferoni. Alikuwa mmoja wa wajumbe wa kwanza kutambuliwa. Baadaye waligunduliwa makumi ya wengine, na kwa jumla wakaitwa sitokini.

Hebu tueleze kidogo. Sitokini ni protini ndogo. Seli moja huitoa, nayo husafiri hadi kwa seli nyingine iliyo na kipokezi chake juu ya ganda, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Ukishaingia, seli ile hubadili kazi yake. Mjumbe mmoja husema adui ameingia. Mwingine husema njooni wengi zaidi. Wapo pia wanaosema basi, vita vimekwisha, rudini. Bila wajumbe hawa mtu angekufa kwa kidonda cha mwiba.

Sasa tumfuate mjumbe mmoja tu, kwa sababu habari zake zinatosha kutufundisha. Alifikiwa kwa njia mbili, na waliozipita njia hizo hawakujua kuwa wanamwendea mtu mmoja.

Njia ya kwanza ilianzia New York mwaka 1891. Daktari mpasuaji William Coley alikuwa amepata habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake wa saratani uliyeyuka baada ya kupatwa na maambukizo makali ya ngozi. Coley akaanza kuwadunga wagonjwa wa saratani vijidudu kwa makusudi. Wengine walipona, wengine vijidudu viliwadhuru, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kueleza sababu. Mwaka 1975, katika mji huo huo, Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao wakakuta kuwa mnyama aliyechokozwa kwa sumu ya vijidudu hutoa katika damu yake kitu kinachofisha uvimbe wa saratani. Wakakipa jina refu la Kiingereza ambalo kwa kifupi ni TNF. Watu wakashangilia wakidhani dawa ya saratani imepatikana.

Njia ya pili inatuhusu sisi wa Afrika. Wafugaji wetu wanamjua mbung'o na ugonjwa anaowapa ng'ombe. Ng'ombe hukonda mpaka ukahesabu mbavu, hata kama vimelea vilivyomo katika damu yake ni vichache. Swali hili lilimvuta Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, huko huko New York: ikiwa vimelea ni vichache namna hii, ni nani anayemla ng'ombe? Yeye na wenzake wakawaambukiza sungura vimelea wa jamii hiyo, wakaona nao wanakonda huku mafuta yakijaa katika damu. Wakatafuta, wakagundua kuwa anayewakondesha si kimelea, bali ni kitu kinachotolewa na kinga ya mnyama mwenyewe. Wakakipa jina lenye maana ya kukonda. Mwaka 1985 walipokipima sawasawa, kumbe ni kile kile TNF. Mjumbe mmoja alikuwa na majina mawili: huku aliitwa mwuaji wa saratani, kule mkondeshaji wa ng'ombe. Ikadhihirika kuwa mjumbe huyu akipiga kelele kupita kiasi, mwenye mwili huangamia kwa ulinzi wake mwenyewe.

Turudi sasa kwenye vidole vya shangazi. Wagonjwa wa namna yake walikuwa na matumaini makubwa mwaka 1948, wakati Philip Hench wa hospitali ya Mayo huko Marekani alipomdunga kotisoni mwanamke kijana aliyekuwa hawezi hata kutembea vizuri. Baada ya siku chache akatoka kwenda madukani. Dunia ilistaajabu, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini furaha hiyo ilikuwa na deni. Dawa za jamii ya kotisoni huwanyamazisha wajumbe wengi kwa mkupuo, wema na wabaya. Zikitumiwa muda mrefu kwa wingi, mifupa hudhoofika, sukari hupanda, uso huvimba na maambukizo huingia. Ni kama mji kuwafungia watu wote ndani kwa sababu ya mlevi mmoja.

Hapo ndipo wanapoingia watu wawili wa London. Mmoja ni Marc Feldmann. Wa pili ni Ravinder Maini, ambaye ni mtu wa kwetu kwa namna fulani: alizaliwa Punjab lakini alikulia Uganda, na baba yake, Amar Maini, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Maini alikuwa daktari wa viungo, Feldmann mtaalamu wa kinga. Walichukua vipande vya ngozi laini ya ndani ya viungo vya wagonjwa wakaviweka katika vyombo vya maabara, kisha wakasikiliza, tukisema kwa mfano. Wakakuta makelele kama ya soko: wajumbe wa kila aina wakisema kwa pamoja. Wataalamu wengi waliwaambia kuwa hakuna haja ya kuendelea. Ukimnyamazisha mmoja, wenzake kumi wataendelea, maana wengi wao husema maneno yale yale.

Mwaka 1989, wakiwa na Fionula Brennan, walijaribu. Wakamzuia TNF peke yake. Wenzake wakapunguza sauti. Kumbe hawa hawakuwa wamesimama bega kwa bega. Walikuwa wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, na TNF alikuwa mbele yao. Tunasema la mgambo likilia kuna jambo. Huyu ndiye aliyekuwa akilipiga la mgambo. Shida ni kwamba katika ugonjwa huu la mgambo lilikuwa likilia usiku na mchana, na jambo hakuna.

Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross, wagonjwa 20 ambao dawa nyingine ziliwashinda walianza kupewa kingamwili iliyotengenezwa ili kumkamata TNF kabla hajafika kwenye kipokezi chake. Wagonjwa wakapata nafuu upesi, maumivu na ukakamavu vikapungua. Lakini mgonjwa mwenye matumaini anaweza kujiona nafuu hata kwa maji matupu, kwa hiyo jaribio la pili lilifanywa kwa wagonjwa 73 katika vituo vinne vya Ulaya, bila wagonjwa wala madaktari kujua nani kapewa nini. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Baada ya majuma manne, kati ya 24 waliopewa maji yasiyo na dawa walipata nafuu 2. Kati ya 24 waliopewa dawa kwa kipimo kikubwa walipata nafuu 19. Kufikia mwaka 1999 dawa mbili za namna hiyo zilikuwa zimeruhusiwa Marekani kwa ugonjwa wa viungo, na zimewasaidia pia wagonjwa wa matumbo, wa ngozi na wa uti wa mgongo.

Ndugu wasikilizaji, kama hadithi ingeishia hapa tungepiga makofi tukalala. Lakini mjumbe hauawi. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya watu 70 waliopatwa na kifua kikuu baada ya kutumia moja ya dawa hizo, wengi wao katika miezi ya mwanzo. Zaidi ya nusu yao kilikuwa kimetoka nje ya mapafu na kusambaa kwingine mwilini. Sababu yake ni hii. Mtu anaweza kuingiwa na vijidudu vya kifua kikuu na asiugue, kwa sababu kinga huvizungushia boma la chembechembe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuingiwa na vijidudu hivyo. Na anayewaambia walinzi wa boma wasilale ni nani? Ni yule yule TNF. Ukimziba mdomo, boma hubomoka. Ndiyo maana leo hakuna daktari makini anayetoa dawa hizo bila kumpima mgonjwa kifua kikuu kwanza. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu ni jirani wa kila mtaa, jambo hili si la kupuuzwa hata kidogo.

Wala si kifua kikuu tu. Upo ugonjwa ambao kinga hushambulia utando wa mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Walipojaribu kumzuia TNF kwa wagonjwa hao, hali yao ikazidi kuwa mbaya. Na katika ukoo wa intaferoni, mmoja aitwaye gama alijaribiwa kwao akawazidishia ugonjwa, taarifa ikatoka mwaka 1987; ndugu yake aitwaye beta akawapunguzia, akaruhusiwa kuwa dawa Marekani mwaka 1993. Ujumbe ule ule unaookoa nyumba hii huunguza nyumba ile. Kila ugonjwa una mpiga la mgambo wake. Huko Osaka, Japani, Tadamitsu Kishimoto alimfuata mjumbe mwingine, intalukini ya 6, na dawa ya kumzuia iliyotokana na kazi hiyo ilionekana mwaka 2021 kupunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa Uviko. Kumbe hata katika janga lile, baadhi ya waliokufa waliangamizwa na kelele za walinzi wao.

Mtaniuliza, sisi tunafaidikaje? Dawa hizi ni ghali. Moja yao, adalimumabu, kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu, pamoja na zile za bei nafuu zinazofanana nayo, lakini kuwamo katika orodha si kuwamo katika duka la dawa la mtaani. Hata hivyo tusikate tamaa. Ipo methotreksati, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ambayo mpaka leo ndiyo wengi huanza nayo. Hunywewa mara moja kwa juma, si kila siku. Haifai kwa mjamzito. Na sharti damu ipimwe mara kwa mara. Mgonjwa akiianza mapema, chini ya uangalizi wa daktari, vidole vingi huokolewa kabla havijapinda. Kilichokwisha kupinda ni vigumu kukinyoosha.

Kwa hiyo mtu wako akiamka vidole vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, vifundo vya mikono yote miwili vimevimba, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma, usimsingizie maji ya kisima. Usimnunulie vidonge vya kotisoni bila cheti cha daktari kwa kuwa vilimsaidia jirani. Na ikiwa anavuta sigara, mwambie aache, kwa kuwa sigara ni moja ya mambo yanayojulikana kuuchochea ugonjwa huu. Mpeleke hospitali mapema. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi katika umri wa kufanya kazi na kulea.

La mwisho. Miaka michache iliyopita nilikwenda kijijini, nikamkuta yule jirani yu hai, mkongwe, ameketi barazani akichambua mchele. Nikamweleza haya niliyowaeleza ninyi, kwa maneno machache: kwamba hapakuwa na mkono wa mtu, kwamba mwili wa shangazi ulijishambulia wenyewe. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyompelekea. Akanyamaza, akaendelea na mchele wake. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, ulitumwa tu. Ila ningependa yeye angeyasikia haya."

Mimi pia ningependa. Alikufa akiamini kuwa rafiki yake ndiye aliyemroga, na rafiki yake ameishi miaka yote hiyo akijua hivyo. Ugonjwa ulivichukua vidole. Urafiki tuliuchukua sisi. Kama nyumbani kwako yupo mgonjwa wa namna hii, na kuna jirani ambaye hakanyagi tena, basi juma hili nenda kamwite.